Mji wa Ziwani Uliolikataa Jeshi

Katika nchi ya Guatemala, huko Amerika ya Kati, liko ziwa liitwalo Atitlán ambalo wageni hulisafiria kutoka pembe zote za dunia. Mwaka jana, tulipomaliza kozi yetu upande ule wa bahari, sisi maofisa wawili wa Uganda tulipewa likizo ya siku kumi, tukaona si vyema kuimaliza tukiwa tumelala hotelini. Tukapanda basi. Tunayaandika tuliyoyaona kwa kuwa wasomaji wa ukurasa huu ni askari wa jeshi na wa polisi, na jambo kubwa tulilolipata kando ya ziwa lile lawahusu wao kuliko linavyowahusu watalii.

Kwanza yafaa tukumbushane kwamba nchi hiyo si ngeni kabisa kwetu. Tarehe 23 Januari 2006, askari 8 wa Guatemala waliokuwa chini ya bendera ya Umoja wa Mataifa waliuawa katika mbuga ya Garamba, nchini Kongo, wakipambana na waasi wa LRA, wale wale waliowatesa ndugu zetu wa Acholi na Lango kwa muda wa miaka ishirini. Walikuwa makomando wa kikosi kiitwacho Kaibiles. Jina hilo limetokana na Kayb'il B'alam, mtawala wa Wamam, mojawapo ya makabila ya Kimaya, ambaye alizingirwa na Wahispania katika ngome ya Zaculeu mwaka 1525. Basi tuliingia nchi ile kwa heshima, kama mtu aingiaye nyumba ya jirani aliyefiwa katika ugomvi uliotokea uani kwetu.

Nyanda za juu za magharibi mwa Guatemala ni nchi ya baridi, milima na mahindi. Mahindi hupandwa hata mahali ambapo mbuzi angesitasita kusimama. Wenyeji ni Wamaya, nao si kabila moja. Lugha zao katika nchi hiyo ni 22, na mtu wa mlima huu aweza asimwelewe mtu wa mlima ule isipokuwa wote wawili wasemapo Kihispania. Kila mji una vazi lake. Wanawake huvaa blauzi ya kufumwa kwa mkono iitwayo huipil, na mtambo wa kuifumia ni vijiti na kamba tu: upande mmoja umefungwa mtini, upande wa pili umezunguka kiuno cha mfumaji aliyepiga magoti. Rangi na michoro ya vazi humwambia mjuzi mvaaji ametoka mji gani. Huko Sololá, mji ulio juu ya ziwa, wanaume wazee huvaa koti lenye mchoro wa popo mgongoni, nembo ya watawala wa kale wa Wakaqchikel. Askari hahitaji kuelezwa maana ya nembo. Wala hahitaji kuelezwa kwa nini, wakati wa vita vya nchi ile, watu wengi waliokimbia makwao waliyavua mavazi hayo: vazi lililomtambulisha mtu kwa ndugu zake lilimtambulisha pia kwa wanaomtafuta.

Tulianzia Chichicastenango, siku ya Jumapili. Soko la mji huo hukusanyika siku za Alhamisi na Jumapili, na watu hushuka kutoka vijijini tangu alfajiri wakiwa na mizigo iliyoshikiliwa kwa mkanda uliopita kwenye paji la uso. Katikati ya soko lipo kanisa la Santo Tomás, lililojengwa katika karne ya 16 juu ya jukwaa la hekalu la kale, na ngazi zake 18 hufukuta moshi wa ubani siku nzima. Wazee wa Kimaya huomba kwenye ngazi hizo kwa desturi yao, kisha huingia ndani kuomba kwa desturi ya Kanisa, na hatukuona mtu aliyefadhaishwa na jambo hilo. Katika mji huo huo, mwanzoni mwa karne ya 18, padri Francisco Ximénez alinakili kitabu kiitwacho Popol Vuh, chenye habari za kuumbwa kwa ulimwengu na za nasaba za Wak'iche'. Pasipo nakala yake huenda leo tusingekuwa na kitabu hicho.

Tulinunua kitambaa, tukapunjwa kidogo, tukaridhika. Lakini muuza kitambaa, mwanamume mtu mzima, alituambia jambo ambalo baadaye tulilikuta pia katika maandishi. Zamani za vita, siku ya soko na siku ya sikukuu zilikuwa siku za hatari kwa vijana wa kiume, maana malori ya jeshi yalikuja kuwakamata kwa nguvu wakawe askari. Kijana aliyetoka nyumbani kuuza vitunguu alijikuta kambini amenyolewa nywele. Mafunzo yakiisha, aghalabu alipelekwa kulinda watu wa bonde jingine ambao hakuijua lugha yao. Kwa hiyo bunduki nyingi zilizoelekezwa kwa Wamaya zilishikwa na mikono ya Wamaya.

Kutoka Sololá barabara huteremka kwa kujipinda mpaka Panajachel, na hapo ndipo ziwa hujifunua. Msomaji aliyepata kupangwa Kisoro, akaliona ziwa Mutanda na milima ya Muhabura, Mgahinga na Sabinyo nyuma yake, anaweza kukisia picha yenyewe. Atitlán ni shimo la volkano iliyolipuka kama miaka 80,000 iliyopita. Uso wa maji uko kiasi cha mita 1,560 juu ya usawa wa bahari, kina chake kinazidi mita 300, na hakuna mto wowote utokao humo. Maji hupenya chini kwa chini. Kusini yamesimama majabali matatu ya volkano, San Pedro, Tolimán na Atitlán. Asubuhi maji hutulia kama mafuta kwenye sufuria. Ifikapo alasiri huvuma upepo uitwao Xocomil, na mwenye mashua asiyeharakisha hujuta.

Tulipanda mashua ya injini kwenda Santiago Atitlán, mji mkubwa wa Watz'utujil, ulio katika hori kati ya volkano hizo. Njiani mwenye mashua, mtu wa makamo, alituuliza tunatoka wapi. Tukamjibu. Akauliza tena: kazi yenu nini? Mwenzetu, ambaye ndiye alikuwa na Kihispania kidogo, alijibu upesi kwamba sisi ni waandishi wa magazeti. Haukuwa uongo mtupu, kwa maana kazi yetu jeshini ni kuandika na kusemea. Lakini tulitazamana, na kila mmoja alijua kwamba tulikuwa tumeivua sare mbele ya mtu ambaye hata hakuiona. Tulijua tunakokwenda.

Santiago ni mji wenye mambo mengi ya kumshughulisha mgeni. Wanaume wazee bado huvaa suruali za mistari zinazoishia chini ya magoti, zilizotariziwa ndege. Baadhi ya wanawake wazee huvaa kichwani utepe mwekundu mrefu sana, uliozungushwa mara nyingi hata ukawa kama sahani ya mviringo, na sarafu ya senti 25 ya Guatemala ina sura ya mwanamke wa mji huo aliyevaa utepe huo. Serikali ilichukua uso wake ukawa uso wa taifa. Tulipelekwa pia kumwona Maximón, sanamu ya mti yenye kofia, skafu nyingi na sigara mdomoni, ambayo hutunzwa na chama cha wazee wa mila na kuhamishwa nyumba kila mwaka. Watu humletea pombe na tumbaku na kumweleza shida zao. Mwenzetu, ambaye ni mlokole, alibaki mlangoni.

Katika kanisa la mji upo ukumbusho wa padri Stanley Rother, Mmarekani, aliyeuawa humo katika nyumba ya mapadri tarehe 28 Julai 1981. Ndugu zake waliuchukua mwili kwao Oklahoma, lakini waumini waliomba moyo wake ubaki, nao ukabaki. Mwaka 2017 Kanisa Katoliki lilimtangaza kuwa mwenye heri.

Sasa tufike kwenye kiini. Guatemala ilikuwa vitani tangu mwaka 1960 hadi mapatano ya amani ya tarehe 29 Desemba 1996. Waasi walikuwapo kweli katika misitu ya volkano zile, na hilo ndilo lililoleta kambi ya jeshi Panabaj, nje kidogo ya Santiago, mwaka 1980. Hatuandiki kama watu wasiojua uzito wa kazi ya kumtafuta adui aliyejichanganya na raia. Lakini kwa muda wa miaka kumi watu wa mji ule walichukuliwa usiku majumbani mwao, na wengi hawakurudi. Tume iliyoundwa baada ya vita ilitoa taarifa yake mwaka 1999: waliouawa na kupotea katika nchi nzima walizidi 200,000, katika wale waliotambuliwa, 83 kwa mia walikuwa Wamaya, na makosa 93 kwa mia yalitendwa na vyombo vya dola na vikundi vilivyoshirikiana navyo. Jeshi lililowapa makomando wake jina la mfalme wa Kimaya ndilo lililofanya hayo.

Usiku wa tarehe 1 Desemba 1990, baadhi ya askari wa kambi ya Panabaj, pamoja na mkuu wao, walikuwa wamelewa mjini. Walisumbua watu, na kijana mmoja akajeruhiwa. Hilo, katika hesabu ya miaka ile, lilikuwa jambo dogo. Lakini usiku ule kengele za kanisa zikapigwa, watu wakatoka, na maelfu wakaelekea kambini kwa miguu kulalamika, wakiongozwa na meya wao na meya mteule. Hawakuwa na silaha. Walibeba vitambaa vyeupe. Mwezi ulikuwa mpevu, kwa hiyo askari langoni hawezi kusema kwamba hakuwaona waliokuwa mbele yake. Risasi zikafyatuliwa. Watu 13 walikufa, wakiwamo watoto.

Kulipokucha, mji haukulipiza kisasi. Ulikusanya saini. Wasiojua kuandika walitia dole gumba, maelfu kwa maelfu, wakidai jambo moja tu: kambi iondoke. Kabla mwezi haujaisha, Rais Vinicio Cerezo alikubali na jeshi likafungasha. Wananchi wakaanza kulinda mji wao wenyewe kwa doria za usiku. Mahali palipokuwa na kambi leo ni bustani ya amani, na humo tulisimama mbele ya kumbukumbu za waliouawa bila kusema neno.

Laiti habari ingeishia hapo, ingekuwa habari ya jeshi lililotenda kosa likaondolewa. Lakini miaka 15 baadaye, mwezi Oktoba 1–5 mwaka 2005, mvua za kimbunga kiitwacho Stan zilinyesha mfululizo, na ubavu wa volkano ya Tolimán ukaporomoka alfajiri juu ya Panabaj. Mamia ya watu walifukiwa na matope wakiwa wamelala. Majembe hayakutosha, mikono haikutosha. Serikali ilipotaka kupeleka askari wasaidie kuchimba, watu wa Santiago walikataa. Walikuwa na maiti za watoto wao chini ya matope, na bado walisema jeshi lisiingie.

Jioni ile tulibishana na mwenzetu hata chakula kikapoa. Yeye alisema watu wale walikosea, kwamba maiti haichagui mchimbaji, na kwamba huenda wako waliokufa kwa sababu ya kiburi cha walio hai. Alisema zaidi, na hapa alikuwa na hoja: askari wa mwaka 2005 hawakuwa wale wa mwaka 1990. Kuruta wa miaka 20 alikuwa mtoto wa miaka mitano wakati risasi zile zilipofyatuliwa. Ana kosa gani?

Hana kosa. Lakini mwenye kufiwa ndiye ajuaye nani aingie matangani kwake. Mwanajeshi hustaafu, hufa, husamehewa; sare haistaafu. Kuruta yule alivaa kitambaa kile kile, na mama wa Panabaj hakuona miaka yake 20, aliona kitambaa. Sisi tulio katika kazi ya kusemea jeshi twajidanganya tukidhani jina hurekebishwa kwa taarifa iliyoandikwa vizuri na picha ya ofisa akipeana mkono na mzee wa kijiji. Mji ule haukuhitaji taarifa. Ulikuwa na kumbukumbu.

Tuseme na ya kwetu, maana si haki kusafiri mbali hivyo kuhesabu makosa ya wenzetu. Lugha hii tunayoandikia, ambayo jeshi limeirithi tangu enzi za King's African Rifles, wazee wengi wa kusini mwa Uganda waliijua kwenye kizuizi cha barabarani, na neno lake la kwanza lilikuwa amri. Mwanzoni mwa miaka ya 1980 misako ya kukamata watu ilipata jina la maneno mawili ya Kiswahili, "panda gari". Hakuna kamusi isemayo kwamba maneno hayo ni mabaya. Hata hivyo yatamke leo mbele ya mzee wa Kampala au wa Luwero, kisha utazame uso wake. Tumewasikia maofisa vijana wakilalamika kwamba raia wanakipinga Kiswahili kwa ujinga. Si ujinga. Ni hesabu ya zamani ambayo sisi hatukuikopa, lakini daftari lake tumekabidhiwa.

Na upande wa pili wa daftari yako mema pia. Mwezi Machi 2010, mlima ulipoporomoka Bududa na kufukia kijiji cha Nametsi, askari wetu walichimba kwa majembe na sepetu bega kwa bega na wenye watoto waliofukiwa. Hakuna aliyewafukuza. Wakati ule tuliona ni jambo la kawaida, hata tukalalamikia matope na uhaba wa vifaa. Baada ya kusimama Panabaj hatulioni tena kuwa la kawaida.

Maoni yetu ni haya. Kamanda akabidhiwapo kikosi huhesabiwa bunduki, magari, mablanketi na hata sufuria. Mkuu wa kituo cha polisi naye huhesabiwa faili, pingu na mahabusu. Tungependa taarifa ya makabidhiano iwe na ukurasa mmoja zaidi, ulioandikwa kwa ukweli: katika wilaya hii, sare yetu ilifanya nini, mwaka gani, kijiji gani, na je, kuna aliyeomba radhi? Kuna watakaosema kwamba hayo ni kufukua makaburi. Tunawajibu kwamba wananchi hawahitaji kuyafukua. Wao hupita kando yake kila siku wakienda shambani. Asiyeyajua ni luteni aliyehamishiwa hapo juzi, ambaye atawaambia watu maneno ya utani mahali ambapo maneno hayo hayo yaliwahi kuua.

Na kwa ndugu zetu wenye vyeo vya chini, koplo na konstebo, tunaomba wautazame tena usiku ule wa Desemba. Haukuanza kwa amri ya vita wala kwa mpango wa makao makuu. Ulianza kwa ulevi.

Siku ya kurudi Panajachel tulichelewa bustanini, na mashua tuliyoipata ilikuwa ya mtu yule yule. Upepo wa Xocomil ulikuwa umekwisha kuanza. Tulipokuwa mbali na gati, mwenzetu alimwambia, kwa Kihispania chake cha kuungaunga, kwamba jana hatukumwambia yote: kwetu sisi ni askari. Mzee alinyamaza kwa muda, akitazama mawimbi. Kisha akauliza, katika nchi yenu askari hulala wapi, kambini au mjini pamoja na watu? Tukamwambia, wengine kambini, na wengine mjini pamoja na watu. Akauliza tena, na mlango wa kambi, raia akija usiku na malalamiko, hufunguliwa?

Mwenzetu alinigeukia ili nimpe jibu la kutafsiri. Maji yalianza kuturukia, na mzee, bila kungoja jibu, akatutupia turubai tujifunike.